Hoteli ya Wakongo nyuma ya Msimbazi: sombe, sambaza na swali la Maman

Nimekula hapa mwaka na zaidi sasa, kila siku nasema ntaandika alafu siandiki. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita nilimwelekeza jamaa yangu mmoja aliyekuwa anatafuta chakula cha Kikongo Kariakoo, akaenda, akarudi kuniambia chakula safi ila pale watu wanabishana mno, mtu unashindwa hata kula kwa amani. Ni kweli wanabishana. Ila mi huo ubishi ni nusu ya kinachonipeleka pale, kwahiyo nikiandika habari za sombe tu nikauacha ubishi ntakuwa sijasema kitu.

Kupapata ni hivi, ukishuka mwendokasi kituo cha Msimbazi unakatiza mitaa miwili ya nyuma kwenye maduka ya vitenge, kuna ghorofa, juu gesti chini hoteli, bango hakuna. Gesti ndo wanafikia wafanyabiashara wa Kongo wanaokuja kufunga mzigo, wale wa Lubumbashi wanaopitishia Tunduma na wale wa Bukavu na Uvira wanaopitia Kigoma, na mi kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya transiti ndo maana nilifika pale mara ya kwanza, mwishoni mwa 2024, nilikuwa namtafuta mteja aliyezima simu. Meza saba, viti vya plastiki, TV moja ukutani juu ya friji la soda. Mwenye hoteli ni mama mtu mzima wa Bukavu, wote tunamwita Maman, na yeye kila mwanaume anamwita papa hata awe na miaka ishirini.

Chakula kwanza. Sombe ndo kisamvu chetu, majani yale yale ya muhogo, ila hapa Dar tumezoea kisamvu cha nazi na karanga, wakati sombe ya Maman inatwangwa kwenye kinu mpaka inalainika kabisa, alafu inakaa motoni toka asubuhi na mawese, vitunguu, na pilipili mbuzi nzima nzima hazijapasuliwa zinaelea juu kutoa harufu tu. Inakuja kijani iliyokolea inaelekea nyeusi, mafuta mekundu yamejitenga pembeni ya bakuli. Unakula na bugali, ndo ugali wanavyouita wao, unga wa muhogo na mahindi kidogo, kama umezoea sembe siku ya kwanza utaona unanata mkononi, chovya kwenye yale mafuta alafu uniambie. Lengalenga ni mchicha, nzuri ila ya kawaida. Sambaza ndo kitu. Ni dagaa wa Ziwa Kivu, na watu wengi hawajui kwamba asili yao ni Ziwa Tanganyika huku huku kwetu, walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakazaliana, sasa Goma na Bukavu wanakula kila nyumba. Kwa Maman wanakuja wakavu, wanaloweshwa kidogo kisha wanakaangwa mpaka kichwa kinatafunika, na kachumbari yenye ndimu. Sahani ya bugali, sombe na samaki ni 7,000, sambaza peke yake 5,000, chai ya tangawizi 500.

Yasiyonifurahisha nayo niyaseme. Choo ni kimoja wanachangia na gesti na maji yanakatika mchana. Chenji ni tabu, nenda na hela ndogo. Ukifika saa saba kamili utasubiri nusu saa kwa sababu jikoni yuko Maman na binti mmoja tu. Na sauti ya TV iko juu mno, ukitaka kuongea na simu toka nje.

Sasa ubishi. Nilivyoanza kwenda hoja ilikuwa Ukraine. Kuna kijana anauza kava za simu na chaja pale nje, yeye Urusi damu damu, na kuna mwalimu mstaafu anayekuja kusoma gazeti na chai yake, yeye ni mtu wa sheria, katiba ya Umoja wa Mataifa anaitaja kama mtu anayetaja aya. Kijana hoja yake ni moja na anaijua vizuri: "Mwalimu, 2003 Iraq nani aliwapa ruhusa?" Na hapo anashuka nayo yote, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, tarehe 5 Februari 2003 kakaa Baraza la Usalama na mapicha yake ya silaha za maangamizi, Machi 20 mabomu yakaanza, silaha zikatafutwa nchi nzima hazikuonekana, Kofi Annan mwenyewe, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwaka uliofuata akasema ile vita haikuwa halali. Alafu anamalizia na mpira, maana ndo lugha ya pale: FIFA iliifungia Urusi siku nne tu baada ya uvamizi wa Februari 2022, Marekani walivyoingia Iraq nani aliwafungia? Kombe la 2006 si walienda Ujerumani wakacheza kama kawaida?

Na ukweli hilo hana wa kumjibu. Mi nimekaa pale nikasikiliza watu wakijaribu, hakuna aliyeweza, kwa sababu ni kweli tupu.

Lakini mwalimu naye hajawahi kushindwa. Anaweka kikombe chini anasema, mwanangu, sasa kosa la Bush linampaje Putin ruhusa ya kubomoa Mariupol, mji wa Ukraine? Yule mama wa Mariupol yeye aliivamia Iraq lini? Alafu anamkumbusha kwamba Ukraine mwaka 1994 ilikubali kuachia silaha za nyuklia zilizokuwa kwake, pale Budapest, na waliosaini kuiheshimu mipaka yake ni Marekani, Uingereza na huyo huyo Urusi. Na kwamba 2003 Putin alisimama akasema kuivamia Iraq ni kosa kubwa la kisiasa, akataka mambo yarudi Umoja wa Mataifa. Kwahiyo alikuwa anaijua sheria. Aliijua vizuri ilipokuwa inavunjwa na mwingine, 2008 akaingia Georgia, 2014 akachukua Crimea, 2022 akaja na majeshi yote.

Hapo hoteli inagawanyika. Kuna wanaosema Tanzania ilifanya vizuri Machi 2, 2022 kwenye kura ya Umoja wa Mataifa kutoegemea upande wowote, nchi 141 zililaani uvamizi, 5 zikakataa, 35 zikakaa pembeni na sisi tukiwemo, pamoja na Uganda na Burundi. Wengine wanasema Kenya ndo ilisema kiume, balozi wao Martin Kimani siku tatu kabla ya vita alisimama Baraza la Usalama akasema mipaka yetu Waafrika hatukuichora sisi, ilichorwa London, Paris na Lisbon, na bado tulikubali kukaa nayo maana tungeanza kufuatana kwa kabila na historia mpaka leo tungekuwa tunapigana. Na watu wanasahau kwamba kwenye hotuba ile ile aliwasema mataifa yote makubwa yaliyozoea kuikanyaga sheria ya kimataifa, hakuwaacha wa Magharibi.

Maman kipindi chote hicho alikuwa haongei. Anapita na sinia, anaweka bakuli, anaenda.

Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, mashariki mwa Kongo. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu, kwao. Mi nilikuwepo pale mchana wa Goma, TV ilikuwa inaonyesha watu wanakimbia na magodoro kichwani, na kijana wa kava za simu kwa mazoea tu akaanza, unaona, dunia nzima inalia Ukraine. Maman akaweka sinia mezani, chini ya TV pale pale, akamwangalia akasema, "Papa, na kwetu?" Kijana akanyamaza. Mwalimu akadhani ni zamu yake akaanza kusema ndo maana tunasema sheria ifuatwe, akamgeukia na yeye. "Na kwetu, mwalimu? Hiyo sheria kwetu haifiki?"

Toka siku ile hilo ndo swali la hoteli. Ukifungua mdomo pale kutetea taifa lolote kubwa, Marekani, Urusi, China, Ufaransa, Ulaya yote, unaulizwa na kwetu. Sasa hivi hata wateja wenyewe wanaulizana.

Na ukilijibu kwa kweli linauma. Kijana alijaribu kusema Urusi ni rafiki wa Afrika, akaulizwa hapo Goma imefanya nini, akakosa. Mwalimu alijaribu upande wake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika toka 2024 kwamba kuna wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo pamoja na M23, Kigali inakanusha na inasema inajilinda na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo, lakini ripoti ipo, wakubwa wote wameisoma. Na Rwanda ile ile Machi 2022 ilipiga kura kulaani kuivamia Ukraine, ipo kwenye orodha ya wale 141. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ukasaini na Rwanda makubaliano ya madini, tantalum na bati na vingine vya kutengenezea simu na betri. Miezi miwili baadaye M23 wakaichukua Rubaya, kule Masisi, mgodi unaotajwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, ndo inayotoa hiyo tantalum. Urusi ilipovuka mpaka vikwazo vya Ulaya vilitoka ndani ya siku chache. Goma ilipoanguka vikwazo vya Ulaya kwa maofisa wa Rwanda vilitoka Machi 17, hesabu mwenyewe, wiki saba kamili, na Bunge lao Februari walishapiga kura kutaka yale makubaliano ya madini yasimamishwe, wakubwa wakasema wanayaangalia upya.

Mwalimu alisema angalau Baraza la Usalama limepitisha azimio. Kweli, Februari 21, 2025, wote 15 walikubali, Urusi na Marekani mkono mmoja, Rwanda itoe majeshi yake. Siku tatu baadaye, Februari 24, miaka mitatu kamili ya vita ya Ukraine, likaja azimio Baraza Kuu la kusema tena kwamba Urusi ndo iliyovamia, na Marekani ikapiga kura ya hapana pamoja na Urusi na Korea Kaskazini. Lilipita kwa 93, 18 wakakataa, 65 wakakaa pembeni. Siku hiyo mwalimu alikunja gazeti akaondoka na chai hakuimaliza. Kijana hakushangilia, na mi nilimheshimu kwa hilo.

Kuna kitu nataka watu wanaosema "siasa za nje hazituhusu" wakijue. Mkutano wa Februari 8 wa nchi za Afrika Mashariki na SADC kuhusu Goma ulifanyika hapa hapa Dar, Ikulu, sisi tunauangalia kwenye TV tukila mchana. Wanajeshi wetu walikuwa kule, wawili hawakurudi. 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndo walioenda na kikosi cha Umoja wa Mataifa kusaidia jeshi la Kongo kuwapiga M23 wakakimbia. Na mwaka kabla ya hapo, Novemba 2012, M23 waliichukua Goma wakatoka baada ya siku kama kumi, na moja ya sababu wafadhili wa Kigali walikuwa washaanza kuzuia hela. Kwahiyo wakubwa wakitaka wanaweza. Hii ndo inayomkasirisha Maman kuliko yote, alishawahi kuiona ikiwezekana.

Yeye dada yake yuko Goma. Benki kule zilifungwa toka mji ulivyochukuliwa, uwanja wa ndege nao ukafungwa, dada mtu akitumiwa hela anavuka mpaka mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, kwenda kuitoa. Nimemwona Maman anasubiri kwenye simu, kidole kinagusa ile meseji ya sauti, anaisikiliza, anairudia, anairudia tena, sombe inaungua jikoni binti anaita hasikii. Akaniambia, "Batu ya kwetu beko wapi mu hiyo maneno yenu?" Yaani watu wa kwetu wako wapi kwenye hayo mnayosema. Sikuwa na la kumwambia nikamwambia pole Maman.

Nimalizie na siku iliyonihusu mimi. Kuna mfanyabiashara wa Uganda, wa Masaka, huwa anakuja kuchukua viatu vya mtumba, mtu mpole. Mi nilikuwa naongea kwa kujiamini, nasema uvamizi ni uvamizi tu hauna rangi, sisi Watanzania tunaujua, baba yangu ni wa Bunazi, Oktoba 1978 Idi Amin wa Uganda alivyoingia Kagera baba alikuwa na miaka kumi na nne, walivuka daraja la Kyaka usiku na mbuzi wawili, siku chache baadaye daraja likalipuliwa. Amin akatangaza ardhi yote kaskazini ya mto ni yake. Na Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani, ulituambia tusuluhishwe, mvamizi na aliyevamiwa wakae meza moja kama wamegombania ng'ombe. Nyerere alikasirika na alikuwa na haki kabisa, akawaambia Watanzania uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo.

Yule Mganda akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, ndugu yangu, na mlipofika Mutukula pale mpakani mbona hamkusimama? Mlienda mpaka Kampala. Masaka yetu mliibomoa, nilizaliwa kwenye nyumba isiyo na bati.

Maman alikuwa nyuma yangu. Hakusema kitu, lakini nilijua nimeulizwa.

Nilikaa na hilo wiki nzima. Kwa sababu ni kweli, majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 11, 1979, na Julai kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Monrovia kuna viongozi, Nimeiri wa Sudan mmoja wao, walitusema kwamba tumevamia nchi ya mwenzetu na kumtoa rais wake. Mi siku zote nilikuwa naona wanafiki wale, walinyamaza Amin alivyoingia wakapata sauti sisi tulivyojibu. Bado naona hivyo. Kumfukuza Amin kwenye ardhi yetu ilikuwa haki asilimia mia, makaburi ya wanajeshi wetu pale Kaboya nayaheshimu, na Waganda wenyewe barabarani walishangilia. Lakini Masaka ilibomolewa, na hoja ya "tunaenda mbele kidogo kwa usalama wetu" ndo hoja hiyo hiyo Kigali wanayoitumia leo, na Moscow, na Washington walivyoenda Baghdad. Tofauti ninayoiona ni kwamba sisi tulipigwa kwanza ndani ya nyumba yetu, na hatukwenda kuchukua ardhi ya mtu wala madini. Hiyo tofauti kwangu ni kubwa. Ila haimrudishii yule mtu wa Masaka bati lake, na alipokuja tena nilimwambia hivyo hivyo, nikamwambia na pole, ambayo nadhani hakuna Mtanzania aliyewahi kumpa. Alishika mkono wangu akasema tule. Sambaza za siku ile nililipa mimi.

Kwahiyo jamaa yangu aliyelalamika kwamba pale watu wanabishana, mi namwambia sijawahi kuona pengine hapa mjini ambapo muuza kava, mwalimu, Mganda na Mkongo wanakaa meza moja na kila mtu analazimishwa kuipima nchi anayoipenda kwa kipimo anachowapimia wengine. Hajawahi kupigwa mtu. Mara moja tu kuna mteja alitaka kutukana Wanyarwanda kama watu, kabila zima, Maman akamrudishia hela yake akamwambia tosha, jirani yake kule Bukavu aliyemficha mwanae wakati wa risasi alikuwa Mnyarwanda. Huyo mteja hajaonekana tena.

Juni 27 mwaka huo huo wa 2025, mawaziri wa Kongo na Rwanda waliposaini amani Washington, niliwahi pale nikidhani ntakuta sherehe. Maman alikuwa anaangalia TV huku anachambua mchele. Nikamuuliza anaonaje. Akasema atapika sombe nyingi siku dada yake atakapotoa hela benki ya Goma. Basi.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano imebaki chooni na kwenye chenji. Nenda kabla ya saa sita na nusu, saa nane sombe imeisha. Sambaza uliza kwanza kama zipo kwa sababu toka vita imeanza zinakuja kwa kubahatisha, zisipokuwepo atakupa dagaa wa Kigoma, watamu vile vile. Jumapili hafungui, anaenda kanisani. Ukikaa meza ya chini ya TV ujue utaulizwa.